Miguu ya Upande wa Kulia

Masolwa, fundi magari wa Isevya, alikuwa na mama mkwe kwa miaka mingi bila kuujua uso wake. Kwao, pande za Igunga, mkwe hatazamwi. Akija kwa njia hii, wewe unashika ile. Mkikutana mahali pasipo na njia ya pili, unageukia kichakani kama mtu anayetafuta kuku wake, na unabaki hivyo mpaka aondoke. Yeye ndiye anayeondoka kwanza. Siku hizi wapo vijana wanaopiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Masolwa akionyeshwa picha hizo kwenye simu, alikuwa akiirudisha haraka kama aliyepewa kaa la moto.

Kwa hiyo mama mkwe, kwa Masolwa, alikuwa miguu: kisigino kilichopasuka kama mbuga ya kiangazi, kidole gumba kilichopinda kwa ndani, na furungu la waya wa shaba kifundoni. Kwenye ukoo wanasema waya ule ulikuwa ujira wa babu mmoja mpagazi, aliyeupokea pwani na kuubeba begani hadi Unyanyembe, asimwachie mwingine auguse. Uzeeni mguu wa mama mkwe ulivimba, furungu likagoma kutoka, mama akazikwa nalo. Siku ya maziko, watu walipoitwa wapite kumuaga, Masolwa alipita akaangalia upande wa miguuni. Akaridhika kwamba ni yeye.

Sasa ilikuwa arobaini. Mke wake, Siwema, na dada zake walikuwa waende kijijini, mbele ya Ulyankulu, kwa gari dogo la Anton, dereva wa kukodiwa, na Masolwa angewafuata kesho yake kwa pikipiki. Anton alilileta gereji asubuhi likilia ka-ka-ka kila lilipokata kona.

Kilio hicho Masolwa alikijua usingizini. Pale shafti inapokutana na gurudumu kuna jointi, na jointi huvalishwa buti, mpira wa mikunjo-mikunjo uliojaa grisi, unaobanwa kwa klipu za chuma huku na huku. Klipu ikilegea, grisi inaruka nje, mchanga unaingia ndani, na vyuma vinaanza kusagana. Alibadilisha jointi zote mbili, akavalisha mabuti mapya, akabana. Klipu kubwa ya kulia ikakatika mkononi mwake. Dukani zilikuwa zimekwisha, mzigo uko njiani kutoka Dar, kama ambavyo mzigo huwa siku zote.

"Fundi, funga na tyubu," Anton alisema kutoka kwenye benchi la muuza chai ng'ambo ya uwanja. "Unatuchelewesha kama unashona suti."

"Tyubu na grisi haziivi chungu kimoja. Inalainika, inateleza."

"Itateleza tukishafika! Nani kakwambia narudi leo?"

Masolwa alikata ukanda wa tyubu, akaingia chini ya gari, akaufunga. Alifunga vizuri, kwa jinsi kitu kibaya kinavyoweza kufungwa vizuri. Alijua msitu wa miombo ulioko kati: simu haishiki, na jointi ikifia humo, watu wanalala humo. Lakini ameshafunga tyubu nyingi katika maisha yake, na waliokwama hawakurudi kumlaumu, kwa sababu walikuwa wamekwama.

Alipogeuza shingo ili atoke, miguu ilikuwa imesimama upande wa kulia.

Kisigino kilikuwa kile. Kidole kilikuwa kile. Furungu lilikuwa na udongo mwekundu kwenye mikunjo ya waya, na vidole vyote vilielekea kwenye tairi, kama mtu aliyesimama kusoma kitu. Masolwa alishusha macho papo hapo. Adabu ilifika kabla ya hofu. Hofu ilikuja nyuma yake, taratibu, ikakaa kifuani.

Aliita bila kuinua sauti sana. "Anton! Abiria wameanza kufika?"

"Hata mmoja. Wanawake hao, unawajua."

"Hapo kulia hakuna mtu?"

"Kuna jua. Unataka nini tena, mwavuli?"

Miguu haikusogea. Hakuweza kutokea upande ule, hakuweza kusema naye, na kunyanyua kichwa amwone uso kulikuwa jambo ambalo hakulifanya mama akiwa hai. Hakuona sababu ya kuanza utovu wa adabu sasa. Akatazama kile kilichokuwa kinatazamwa. Ukanda wa tyubu ulikuwa tayari umeng'aa kwa grisi.

Ndani ya gari hili atakaa Siwema.

Akatokea upande wa kushoto, kinyumenyume. Uani kulikuwa na gari bovu, siku nyingi liko juu ya mawe. Alilifikia kwa kutembea ubavu-ubavu, mgongo ameuelekeza kulia, akang'oa klipu kubwa iliyokuwa bado nzima.

"Mwone!" Anton alicheka. "Fundi, umekuwa kaa wa ziwani? Shingo imekaza?"

"Imekaza."

Alirudi chini, akakata tyubu, akapangusa, akaongeza grisi, akakalisha mdomo wa buti kwenye mfereji wake na kuibana klipu kwa koleo mpaka mpira ukakataa kuzunguka. Kisha akalala palepale, akisubiri mkwe aridhike aondoke. Mkwe hakuondoka.

Siwema na dada zake walifika na vikapu. Masolwa alikuwa ameshatoka, amesimama akiutazama ukuta wa matofali.

"Baba Julieth, hata kutuaga?"

"Nendeni salama. Anton asikimbize."

"Unauambia ukuta?"

"Mwache," Anton alisema, "leo fundi ana heshima zake."

Wakapanda. Alisikia gari likikata kona kali ya kuingia barabarani, kwanza kushoto, kisha kulia. Halikulia. Vumbi likamfikia, likatulia, na uwanja ukanyamaza. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba mkwe ameshaondoka, kwa hiyo Masolwa alibaki palepale. Wateja wawili walimsemesha wakidhani anasali, wakaenda zao.

Adhana ya magharibi ilipoanza, simu ililia mfukoni.

"Tumefika," Siwema alisema. "Njia ilikuwa mbaya, lakini gari limekwenda kama jipya. Kuna lori limekwama msituni na watu wake, masikini. Uko nyumbani?"

"Gereji."

"Mpaka saa hizi? Unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Unamsubiri nani?"

Kabla ya kujibu, Masolwa alitega sikio nyuma yake.