Hesabu Kavu ya Kavata Nzau

Kavata Nzau wa Sultan Hamud ameunda dawa za kupe zaidi ya thelathini bila kushika hata chupa moja. Usibishe. Nyuma ya duka la mbolea ana chumba chenye kompyuta ambayo feni yake inalia kama kinu cha kusaga mahindi. Humo anachora dawa, atomu kwa atomu, kisha anaiachia mashine ihesabu dawa hiyo ingemng'ang'ania kupe kwa nguvu kiasi gani. Majirani wanasema anacheza gemu. Waache waseme. Ni nani mwingine mtaani humo aliyechapishwa kwenye jarida la sayansi? Makala yenyewe iko ukutani, ndani ya fremu, kando ya kalenda ya kanisa. Dawa namba saba: nguvu tisa nukta nne. Hakuna aliyewahi kufika hapo.

Alhamisi saa tano asubuhi akapigiwa simu na Hibaq Shire, mwanafunzi wa chuo kikuu, binti ya mfanyabiashara wa mbuzi kule Tseikuru. Hibaq alikuwa anairudia hesabu hiyo kabla maabara yao haijaitengeneza dawa yenyewe.

"Madam, namba saba imenikataa."

"Imekukataaje?"

"Wewe ulipata tisa nukta nne. Mimi napata sita nukta moja. Nimerudia mara tatu."

Kavata akacheka, kile kicheko cha kumfanya mwenzako aone haya. "Msichana wangu, hiyo programu yako ni ya mwaka gani?"

"Ni ile ile yako. Na mchoro ni ule ulionitumia. Nimefuata makala yako mstari kwa mstari, kama mtu anayempikia mama mkwe." Sauti ikashuka. "Saa tisa naonana na profesa. Akikubali namba saba, itajaribiwa kwa mbuzi wa baba. Arobaini, Madam, na kupe wameshawamaliza masikio. Nimwambie nini?"

"Nipe mpaka saa nane."

Kicheko kikamwisha. Kavata huandika kila hesabu kwa kalamu kwenye daftari, maana stima ya hapo haina adabu, hukatika bila kuaga. Akapekua Januari, Februari, akafika Machi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: *Namba saba. Kavu. Ya kujaribu tu.*

Akaketi.

Mwilini mwa kupe mna maji, na maji huipunguzia dawa mshiko, kwa hiyo hesabu ya kweli huwekewa maji. Lakini yenye maji huchukua siku mbili, na ni lini stima ilikaa siku mbili? Ndiyo maana Kavata huanza na kavu, nusu siku, aone kama mchoro umekaa sawa. Ile tisa nukta nne ilikuwa tamu mno. Akaiingiza kwenye jedwali akisema atairudia na maji, kisha akaja kushikwa na kongamano la akina mama kanisani. Makala ikaenda imeandikwa "ndani ya maji".

Saa saba na dakika arobaini. Faili kavu ilikuwa pale kwenye kioo. Angemtumia Hibaq na kumwambia, tumia hii, ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Namba zingelingana. Nani angejua? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, na mbuzi arobaini hawakutaka kumtoka kichwani.

Akapiga simu.

"Hibaq, namba yako ndiyo sawa. Yangu ilihesabiwa kavu. Nilisahau maji."

"Madam! Mtu wa Ukambani, unasahau maji?"

"Kwani lini tuliyazoea?"

Hibaq akacheka. "Na jarida?"

"Nawaandikia sasa hivi. Watajua kosa ni langu, na aliyeliona ni wewe."

"Watakusema."

"Watanisema sana. Mwambie profesa aachane na namba saba, aangalie namba tatu. Ina saba nukta nane, na hiyo niliiwekea maji. Lakini usiniamini. Irudie mwenyewe."

Barua kwa jarida ikaondoka saa nane na nusu. Kavata akaiteremsha fremu ukutani, akatoa makala, akaandika kwa kalamu nyekundu kando ya ile tisa nukta nne: *kavu*. Akairudisha pale pale, kando ya kalenda.