Viatu Chini ya Ngazi ya Ndege

Chumvi ya Katwe haikanyagwi na viatu. Hilo nilijifunza kabla ya kujua kushona gunia. Ukiingia chumba chenye chumvi, hata ikiwa imefungwa, unavua viatu mlangoni, na ukihitaji kupanda juu ya magunia, unapanda peku. Ni chakula cha watu. Mume wangu alilishika jambo hilo kwa nguvu, nami nilimcheka miaka mingi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye aliinunua chumvi ziwani Katwe na kuileta nyumbani kwetu Kasese, upande wa Nyamwamba, nami nikashona midomo ya magunia. Si kazi ngumu, usiiogope. Unakunja mdomo mara mbili, unaacha pembe mbili kama masikio ili mpakiaji apate pa kushika, halafu unapitisha sindano kwa kuiinamisha. Mkono unazoea wenyewe. Kila mfanyabiashara alikuwa na rangi yake ya uzi, ili magunia yakichanganyika kila mtu ayajue yake. Sisi tulitumia nyekundu.

Kutoka hapo chumvi ilipita Bwera, ikavuka mpaka hadi upande wa Beni. Huko barabara za kuingia ndani zaidi zilikuwa mbovu na za hatari, kwa hiyo ilipakiwa kwenye ndege ya mizigo. Ndege hizo hazikuwa na viti vya abiria. Mwenye mali aliketi juu ya mali yake, akashika kamba, akamwomba Mungu.

Asubuhi moja ndege iliruka, ikashindwa kupanda juu, ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Hakuna aliyetoka mzima. Habari ilifika kwetu kwa midomo ya madereva. Nikampigia simu mume wangu, haikupatikana.

"Magunia ya uzi mwekundu yameonekana pale," dereva mmoja aliniambia, macho chini. "Pole, Mama."

"Magunia si mtu," nikamjibu.

Haukuwa ukaidi. Zaidi ya mara moja alikuwa amepakia mzigo kisha akamwachia mwenzake nafasi, yeye akabaki sokoni kutafuta wateja. Na waliokufa walizikwa hukohuko, kaburi moja, kwa kuwa moto haukuacha sura. Sikumpata mtu wa kuniambia: nilimwona akipanda.

Sheikh wa msikiti wetu alinieleza kwa upole kwamba mwanamke hakai eda kwa kukisia. "Subiri mwenye kujua, binti yangu."

Nikasubiri. Jioni sikujua nipike chakula cha wangapi. Majirani walifika mlangoni wakasimama. Wakisema pole, wamemzika. Wakinisalimia kama kawaida, wamenidhihaki. Mwisho wakaacha kuja. Ukimjua mtu anayesubiri hivyo, nenda tu. Beba maharage yako mkayachambue pamoja. Si lazima useme neno.

Aliyekuja ni mama mmoja Mkongomani, Mkatoliki wa Butembo, muuza vitenge aliyezoea kusafiri na ndege zilezile. Bwera nzima ilimjua kwa mdomo wake usiopumzika. Siku hiyo aliingia, akaweka kwanza mfuko wa nailoni mkekani.

"Nilikuwa pale," akasema. "Bwana yako alitaka kupanda, akavua viatu pale chini ya ngazi. Mi nikamucheka: 'We Mwislamu, unaogopa chumvi kuliko Mungu!' Akaniambia, 'Mama, hii chumvi utakula kesho. Unataka kula alama ya kiatu?' Watu wote wakacheka."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Siku zote anabeba viatu mu mukono. Ile siku mikono ilijaa, alishika jerikani ya mafuta. Akasema, 'Unichungie hivi viatu, nitarudia mangaribi.' Akapanda. Mulango ikafungwa. Niliona na macho yangu, dada."

Nikafungua mfuko. Vilikuwa viatu vya tairi, na ukanda wa kile cha kushoto nilikuwa nimeushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mshono uleule wa gunia. Magunia yangu yalishasafiri bila yeye. Viatu hivyo havikuwahi kamwe. Ndivyo alivyovaa alipotoka.

"Mbona ulikawia?"

"Nilikuja mpaka ku barriere, pale mpakani, nikarudia. Nikakuja tena, nikarudia. Mutu anapeleka viatu kama hivi namna gani?"

Sheikh akaitwa. Mama yule akamsimulia barazani yaleyale, hata kicheko hakukiacha. Sheikh akamsikiliza hadi mwisho, akainua mikono kuomba dua. Sasa niliruhusiwa kuwa mjane.

Majirani nao wakapata la kusema. Walikuja na chai, mihogo, na pole zao zote zilizokuwa zimekwama. Nyumba ikajaa, kisha kabla ya giza ikaanza kuwa tupu. Mama wa Butembo alilazimika kuwahi mpaka. Alinishika mkono muda mrefu, akaenda. Nikavichukua viatu, nikaviweka mlangoni mwa chumba cha chumvi.

Nguo zangu za kukalia eda zilikuwa sandukuni, chumba cha nyuma, ng'ambo ya shehena ambayo mume wangu hakuwahi kuichukua. Ilinibidi nipande juu ya magunia. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Mlangoni nikavua kandambili zangu, nikaziweka kando ya viatu vyake, nikapanda peku.