Msichana Juu ya Mgongo wa Fahali

Ng'ombe wengi mnaowaona kwenye kuta za bucha hapa Kibondo ni wa Reverien. Wanono, pembe kama bakora, na wote wanacheka. Ng'ombe gani anacheka mlangoni kwa mchinjaji? Nilimwuliza siku moja. Akanijibu, "Dada Elieth, anayelipa ni mwenye bucha, na yeye anamtaka anayecheka."

Reverien Ndayikunda ni mtu wa Murungu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na leo ni Mtanzania kama mimi, asubuhi analima maharage, mchana anachora. Hakusomea. Alianza na mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, akachapwa, akaendelea. Ni mpole mpaka anaudhi.

Mwaka 2013 alikwenda kuandika kibao cha shule moja, akakutana na mwalimu Rabia, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Rabia alikuwa na kitabu cha picha zilizochorwa kutokana na hadithi za kale za Wayunani. Mimi Wayunani nawajua kwa barua za Mtume Paulo tu. Kumbe kabla ya hapo walikuwa na mambo! Mtu kuanzia kiunoni ni farasi. Msichana anamkimbia mwanamume, vidole vinaota majani, anakuwa mti. Na mungu wao mmoja anajigeuza fahali mweupe, msichana anampanda kwa mchezo, fahali anaingia naye baharini moja kwa moja. Reverien alisimuliwa hiyo, akasahau kula. Alipopita kwangu akasema, "Dada, miaka yote nachora ng'ombe, sijawahi kumchora mwenye siri moyoni."

Basi Gharibu, ambaye bucha yake inapakana na meza yangu ya samaki wa migebuka, alipomwita amchoree ng'ombe, akamchorea huyo. Fahali mweupe, shingo nene, jicho linakutazama kama mtu anayekujua. Mgongoni msichana kashika pembe, kitenge kinapepea, nyuma yao vilima vyetu na migomba. Hakuna aliyecheka pale, si ng'ombe, si msichana. Niliacha meza yangu bila mtu, nikasogea kutazama.

Lakini huku kwetu ukiweka msichana na ng'ombe pamoja, maana ni moja tu: mahari. Ernesta muuza nyanya ndiye aliyeanza.

"Mana yanje, Mungu wangu, Gharibu! Umechinja mahari ya nani?"

"Mahari gani? Hiyo ni picha!"

"Na msichana amerudi kwao, au naye yuko kwenye mizani?"

Wanawake wakacheka, ila nyama hawakununua. Ng'ombe wa mahari anafugwa, maana ndoa ikivunjika anarudishwa. Ukikutwa unamtafuna, ukoo mzima wa bwana harusi utakuwa mlangoni kwako. Haikuchukua muda, wateja wa bucha wakabaki inzi.

Gharibu akamwita Reverien. "Mfute msichana. Ng'ombe abaki, na acheke."

"Nikimfuta msichana, huyu fahali anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwenye mizani! Futa, ama nitawaambia wenye bucha wote wasikuite tena."

Ana watoto, na maharage hayanunui sare za shule. Nikajua atafuta, maana sijawahi kumsikia akimkatalia mtu.

"Basi tafuta mwingine," akasema. "Mimi sifuti."

Gharibu akapaka chokaa mwenyewe, vibaya, na Reverien akasimama akitazama mpaka pembe ya mwisho ikapotea. Na kweli, wenye bucha waliacha kumwita. Sasa anaandika majina ya saluni, na shamba analima mpaka jioni.

Nilikwenda Murungu kumpa pole mkewe, Mpawenimana, nikidhani nitamkuta amenuna. Nilimkuta anahamisha kuni zilizoegemea ukuta wa mbele wa nyumba. Akampungia mkono mumewe aliyekuwa anatoka shamba.

"Haya, chora hapa. Ila huyo dada wa mgongoni kwa fahali mpe viatu, huko anakopelekwa ni mbali."