Mishipa Mipya, Figo Kongwe

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Hapana, kumi na tisa nilikuwa bado nakojoa kama watu. Ilikuwa ishirini na mbili, mwaka niliotoka Chwaka nikahamia Kiembe Samaki kwa binti yangu, Tahiya. Kuhamia ni neno tu. Asubuhi nikishavaa kofia, Tahiya haniulizi nakwenda wapi, kwani hata mimi sijui.

Mkojo ukaanza kutoa povu kama la sabuni. Nikajisifu: mzee, bado una nguvu. Tahiya alipojua, akanipeleka hospitali.

Daktari Nassra, mtoto wa rika la wajukuu zangu, akanieleza taratibu. "Mzee wangu, sukari imeumiza figo. Kwenye chujio lake imeota mishipa mipya ya damu. Ni dhaifu, inavuja. Protini inapita, ndiyo povu lako."

"Basi kumbe bado naota kitu," nikamwambia. "Nywele zilishakataa."

Hakucheka. Akasema dawa ya kuizuia mishipa yenyewe bado inatafutwa. Iliyopo ni ya kushusha sukari na presha, na vidonge vya kupunguza kule kuvuja. Figo zikifa, nitafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Mimi, ambaye hakuna baraza iliyowahi kupata joto langu.

Hapo nikaogopa. Vidonge nikameza, chai nikanywa bila sukari. Miezi ikapita, kipimo cha sukari hakikushuka.

"Unakula vitamu?" daktari akauliza.

"Sili, mwanangu."

"Na halua, Baba?" akadakia Tahiya.

"Ile ya maulidi. Ile si chakula, ni baraka."

"Maulidi gani ya kila siku? Leo Amani, kesho Chwaka, mwenye shughuli humjui hata jina."

"Nnaalikwa."

"Unafuata harufu ya ubani."

Sasa daktari akacheka. "Baraka hiyo, mzee wangu, ikifika kwenye damu ni sukari."

Tangu hapo halua naipokea kwa adabu, naitia mfukoni, nampelekea Tahiya. Kanzu yangu haikosi sisimizi. Sukari imeshuka, povu limepungua, na bado natembea. Lakini mishipa ile imo. Nilimuuliza daktari swali moja, akamwita mgonjwa mwengine. Nikamuuliza Tahiya, akanipa kofia yangu. Imamu wa msikitini naye, nilipomuuliza, akaanza kukimu sala. Mishipa ile, ilipoota, ilikuja kunisaidia au kunimaliza?