Mlango wa Mama Kufuli

Jina hilo la Kufuli hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa cherehani, wiki ya pili tu tangu aanze kazi. Walimuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Wakamuuliza watoto, akasema wazima. Wakamuuliza mume wake anafanya kazi gani, akasema kinyozi. Basi, hapo hapo akanyamaza. Fundi mmoja mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, akashika kiuno.

"Jamani, huyu siyo fundi, huyu ni kufuli. Na ufunguo wake umetumbukia kisimani!"

Wote wakacheka, na mwenyewe akacheka kidogo, kwa pua. Huyo aliyempa jina naye alikuwa na la kwake. Walimwita Redio, na hakuna mgeni aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Miaka kumi na moja ikapita. Katika karakana ile walikuwa wanawake sita: watano wanashona, na Mama Kufuli ndiye mkataji. Wale watano walikaa chumba kikubwa cha mbele, vyerehani vyao vimetazamana. Yeye alikatia nyuma, kwenye chumba kilichokuwa stoo zamani. Kilitosha meza moja na mtu mmoja, tena mtu mwenyewe awe mwembamba. Kulikuwa na dirisha dogo, na mlango wa mbao wa rangi ya kijani uliolia kila ukifunguliwa. Asubuhi aliingia, akaufunga, akafumba macho na kusema sala yake ya siku zote, "Bwana, nishike mkono," ndipo akatandaza kitambaa. Sala hiyo hakuisema kwa mazoea tu. Mshono ukikosea unaufumua, lakini kitambaa ukishakikata hakiungiki tena kama kilivyokuwa.

Watu walidhani hapendi watu. Jirani zake walisema anaringa. Mume wake, ambaye alikuwa anaongea kutwa nzima na vichwa vya watu, akawa anamtetea kibarazani: "Wala haringi. Mwenzangu anapumzisha ulimi wake, mimi nautumia kwa niaba yake."

Ukweli ni kwamba aliwapenda. Nyuma ya mlango wake alisikiliza kicheko cha Redio akatabasamu na pini mdomoni. Alijua nani ana mtoto mgonjwa, nani kagombana na wifi yake, na aliwaombea kwa zamu huku mkasi unatembea. Ila wakimzunguka wote, wanaongea kwa mpigo mmoja, kichwa chake kilijaa kama ndoo iliyosahauliwa bombani. Na kikishajaa, kilimwaga kila kitu, vipimo vikiwemo.

Sasa, mwenye karakana, mama wa miaka sitini na kitu waliyemwita Bosi, akasafiri kwenda kumwona mpwa wake mwenye karakana kubwa. Akarudi macho yanang'aa.

"Wanangu, kule hakuna ukuta hata mmoja! Watu wote ukumbi mmoja, muziki unalia, kazi inakimbia. Kuanzia Jumatatu tunabomoa." Akamgeukia Mama Kufuli, akamshika bega kwa huruma. "Na huyu mwanangu nimemfungia stoo miaka kumi na moja kama gunia la mkaa. Mungu anisamehe. Nakutoa, mama, uje ukae na wenzako."

Wenzake wakapiga makofi. Redio akapiga na kigelegele. Wote wakamtazama yeye.

Maneno alikuwa nayo. Alitaka kusema, "Mama, mimi chumba changu nakipenda, tafadhali niachie." Yalifika kooni, yakakaa pale kama abiria aliyesahau kituo chake. Akajisikia anasema, "Asante, mama."

Jumatatu ukuta ukaanguka. Matofali yakachukuliwa na mwashi akajengee banda lake la kuku, na mlango wa kijani ukaegemezwa nje, karibu na pipa la maji. Meza ya kukatia ikawekwa katikati ya vyerehani, hatua mbili kutoka kwa Redio.

Wiki hiyo hiyo ikaingia kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Kwaya ya kanisa ilitaka majoho ishirini na manne ya mahameli nyekundu iliyoiva, ya kuvaa siku ya kufungua jengo lao jipya. Mahameli si kitambaa cha mchezo. Ina vinyweleo, na vinyweleo vyake vimelala upande mmoja. Ukipapasa kufuata mlalo wake ni laini, na rangi inang'aa. Ukipapasa kinyume vinasimama, na rangi inakuwa nzito, karibu nyeusi. Kwa hiyo mkataji huchora mshale wa chaki mgongoni mwa kitambaa, ili kila kipande kiangalie upande mmoja. Kipande kimoja kikigeuka, kinaonekana kama kimetoka kwenye nguo nyingine.

Mama Kufuli alimaliza viwiliwili vyote siku mbili, kichwa kinamgonga. Siku ya tatu akaanza mikono, na siku hiyo Redio alikuwa anasimulia habari za mjomba wake aliyekosea njia akaingia kwenye msiba wa watu asiowajua.

"Basi mjomba kaingia, kaangua kilio! Watu wanatazamana, huyu nani? Yeye analia tu, anamtaja marehemu mwingine kabisa! Wakampa kiti cha mbele kabisa. Aibu hiyo! Au siyo, Mama Kufuli?"

"Ndiyo," akajibu, akaweka chaki chini.

"Sasa kaambiwa asimame aseme neno kuhusu marehemu. We unadhani alifanyaje, Mama Kufuli? Hebu sema, au ufunguo bado uko kisimani?"

Wakacheka. Yeye akacheka nao, jasho linamtoka, akazunguka meza akashika kitambaa upande wa pili. Mshale hakuchora. Akakata jozi ya kwanza ya mikono, kisha akaitumia hiyo kupimia nyingine nane.

Alhamisi mchana Redio akamaliza joho la kwanza, akalitundika dirishani walione. Jua likalipiga. Vyerehani vyote vikasimama. Kiwiliwili kilikuwa chekundu kinachowaka. Mikono ilikuwa ya rangi nyingine kabisa, kama aliyeshona kaiazima kwa jirani.

Bosi akasogea, akapapasa mkono wa joho, akaelewa. "Zimekatwa jozi ngapi hivi?"

"Tisa, mama." Sauti ya Mama Kufuli ilikuwa ndogo kama uzi.

Kitambaa kilichobaki kilitosha jozi kumi na tano tu. Bosi akapiga simu dukani, akaambiwa mahameli ile imekwisha, nyingine ni ya mwezi ujao. Ufunguzi ulikuwa Jumapili hiyo, na mwalimu wa kwaya angekuja kesho yake saa tatu kutazama kazi. Bosi akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani.

"Msihangaike," Redio akasema haraka haraka. "Niachieni mimi huyo mwalimu. Namwambia ndiyo mtindo mpya, tisa hivi, kumi na tano vile, kule mijini ndivyo wanavyovaa. Ataondoka anashukuru!"

Bosi akamtazama kama mtu anayetaka kushawishika.

"Hapana," akasema Mama Kufuli.

Wote wakageuka.

"Ni nguo za kumsifia Mungu. Tusizishone kwa uongo. Nimekosea mimi, nitamwambia mimi." Halafu akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Jioni alimweleza mume wake, akamaliza kwa kusema, "Nitaacha kazi. Pale katikati sitaweza. Kumwambia Bosi nako sitaweza."

Mume hakufanya mzaha mara moja. Alimega mkate, akafikiri. "Mke wangu, mimi nasema maneno elfu tano kwa siku, na hakuna mteja anayekumbuka hata moja. Wewe ukisema matano, watu wanageuza shingo. Sema hayo matano. Wakikataa, ndipo uache."

Ijumaa alfajiri alipitia nyumbani kwa Bosi kuomba ufunguo, akafungua karakana kabla jua halijatoka sawasawa. Hakukuwa na mtu. Alikaa tu kwanza, akausikiliza ule ukimya kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Akasema sala yake. Kisha akalitundua lile joho, akalivaa juu ya gauni lake, akasimama mbele ya kioo cha wateja.

Mikono ya joho ilikuwa mizito, myeusi, haifichiki. Alitaka kulivua, akainua mikono juu ili lipitie kichwani. Akasimama hivyo hivyo. Kwenye kioo, mikono ya joho ilikuwa imewaka. Ilikuwa nyekundu ile ile ya kifua. Akaishusha, ikaingia giza. Akaiinua, ikawaka. Akaelewa, na machozi yakamtoka akicheka peke yake: mkono ukinyanyuliwa, kilichokuwa juu kinakuwa chini, na vinyweleo vinalala upande mmoja na vya kiwiliwili.

Mwalimu wa kwaya, mwanamume mrefu mwenye tai fupi, alipofika saa tatu, aliwakuta mafundi wote wamekaa kama wanasubiri daktari. Redio alikuwa amejibana mdomo kwa kiganja. Mama Kufuli akasimama mbele.

"Mwalimu, nimekosea. Mikono ya majoho tisa nimeikata kichwa chini. Kitambaa kingine hakuna. Naweza kuikata yote iliyobaki vivyo hivyo, yafanane yote ishirini na manne. Ukikataa, ni haki yako. Lakini kwanza, vaa hili."

Mwalimu akavaa, uso umekunjamana.

"Sasa inua mikono, kama mnavyofanya kwenye kiitikio."

Akainua, akajiona kwenye kioo. Akashusha. Akainua tena, taratibu. Akaanza kuimba chini chini, akasahau kabisa kwamba yuko karakana, mikono inapanda na kushuka, inazima na kuwaka. Alipomaliza akakohoa kwa aibu.

"Watu ishirini na nne kwa pamoja," akasema. "Mama, kata yote hivyo. Na wanakwaya nitawaambia kama ulivyoniambia, kwamba yalikosewa. Wengi wetu tutajiona humo."

Alipotoka nje, karakana ikalipuka kwa shangwe. Redio akacheza na cherehani chake. Bosi akafuta miwani, akasema, "Mungu katutoa, wanangu, turudi kazini."

Hapo ndipo Mama Kufuli angeweza kurudi mezani kwake, na kila mtu angedhani mambo yamekwisha. Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Akauweka chini.

"Mama," akamwambia Bosi, "naomba mlango."

"Mlango gani, mwanangu?"

"Wa kufunga. Nikikata pamoja na watu, nitakosea tena. Sijachukia mtu. Nawapenda hawa. Nawapenda zaidi nikiwa upande wa pili."

Bosi akakaa. Uso ulimshuka. "Na mimi nilidhani nakutoa kifungoni! Mbona hukusema?"

"Nilisema asante, mama. Maneno mengine yaligoma."

"Kumbe nimekubomolea nyumba, halafu ukanishukuru." Bosi akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha macho yakamlenga machozi. "Ukuta sina uwezo wa kuujenga tena mwaka huu, mama. Matofali yenyewe yana kuku ndani sasa hivi. Lakini ule ufunguo uliouchukua leo, usinirudishie. Njoo na alfajiri yako, kata mpaka wenzako wafike. Wakifika, wewe ondoka mapema."

"Loo!" Redio hakuweza tena kujizuia. "Kufuli kapewa ufunguo! Haya, dunia imekwisha!"

Wakacheka wote, na safari hii Mama Kufuli alicheka kwa mdomo mzima.

Jumapili majoho yaliimba. Wanaosimulia husema kiitikio kilipofika, watu wa viti vya nyuma walisimama waone vizuri.

Mlango wa kijani nao haukuozea kwenye pipa. Mume wake alikuja na kaka yake wakaulaza juu ya miguu ya mbao, ukawa meza mpya ya kukatia, ndefu kuliko ile ya zamani. Kila alfajiri Mama Kufuli huweka viganja vyake juu yake na kuomba, kisha hutandaza kitambaa. Mshale huchora kabla ya jambo lolote.

Asubuhi moja, kabla ya saa kumi na mbili, mtu akagonga. Alikuwa Redio, macho mekundu, mtandio umekaa upande.

"Siongei," akasema. "Nyumbani kwangu leo kuna kelele. Nimekuja kukaa tu."

Mama Kufuli akamvutia kiti. Redio akakaa, akachukua vifungo na sindano, akashona. Nusu saa nzima haikusikika sauti isipokuwa mkasi kwenye mbao. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga mwenyewe. Mabega yake yakashuka polepole.

Mama Kufuli alimalizia kipande chake, akakikunja, akaweka mkasi pembeni.

"Halafu yule mjomba wako," akasema. "Alipoambiwa asimame aseme neno kuhusu marehemu, alisemaje?"

Redio akainua kichwa, kisha kile kicheko cha kuamsha mtaa kikaanza kumpanda taratibu kutoka tumboni.