Mafundo ya Uzi wa Pauli

Nilipokuwa mtoto wa kubeba mtoto mwenzangu mgongoni, kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, ilikuwa mwiko kumpima mtoto mchanga, iwe kwa kamba, iwe kwa kijiti, kwa sababu anayepimwa ni maiti, ili wachimba kaburi wajue urefu. Mtoto alifungwa uzi mweusi kiunoni, basi. Uzi ukimbana, akina mama walicheka wakaulegeza. Ukilegea wenyewe, hakuna aliyecheka.

Naandika binti yangu akiwa mapajani, mkono wangu mmoja uko kiunoni mwake. Nitasema kwa nini, ila kwanza niseme ya Pauli.

Pauli alikuwa mdogo wangu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyembeba, mgongo wangu ulijua kabla ya mtu yeyote. Mwanzoni alinilemea hadi nikasimama njiani kupumua, halafu, sijui lini, nikawa naweza kukimbia naye. Nikamwambia mama, "Pauli amekuwa mwepesi."

Mama akanitazama. "Wewe ndiye umepata nguvu. Na usiende kuliropoka hilo kisimani."

Kisimani ndiko walikokuwa wanawake, na mama alikuwa na mimba nyingine, Pauli bado ananyonya. Mtoto akikonda wakati huo, watu husema mama amembemenda, yaani amerudi kwa mumewe mapema, akamharibia mtoto maziwa. Basi kila uzi ulipoteremka, mama aliupiga fundo, ukakaza tena. Aliyemwona Pauli kwa mbali aliona uzi umekaa mahali pake.

Bibi, mama yake baba, akaja kwa treni kutoka Goweko na kikapu cha karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anamfunua Pauli shati. Kidole chake kikatembea juu ya uzi, kikafika kwenye mafundo, kikasimama.

"Kiuno cha nyigu hiki. Nani amefunga huku?"

"Ulikuwa unaanguka, mama," mama akasema, macho chini.

"Uzi hauanguki, mwanangu. Mtoto ndiye anayeuacha." Akamfunika. "Ungeniita kwenye fundo la kwanza. Sasa kikohozi chochote kikipita mtaani, huyu kitamkuta hana kitu mwilini."

Akapika uji wa karanga, akamnywesha mwenyewe asubuhi na jioni, na dawa za kumwogesha pia zilikuwepo, maana na yeye aliamini ni kubemendwa. Mvua za kwanza zikaja na surua. Watoto wa jirani waliugua wakapona. Pauli hakupona. Hapo ndipo alipopimwa, na baba mdogo, kwa bua la mtama, na bua lenyewe Pauli hakulimaliza kwa urefu.

Nimesoma hadi sekondari, nimejifunza ratili na inchi, na bado binti yangu nilimfunga uzi mweusi, kwa mkono wangu. Leo asubuhi namwogesha, uzi ukateleza hadi mapajani. Mama mkwe yuko pale pale, anasema, "Ni meno hayo, usijitie wasiwasi." Huenda ni meno. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaushika uzi, vinatafuta mahali pa kupiga fundo, havikuniuliza, na mimi pia nina mimba, sijamwambia mtu.

Miaka yote nilidhani mama hakuona. Kumbe ni yeye aliyeona kuliko sisi wote, kila fundo alilifunga akiwa ameona, akawa peke yake na alichokiona, kwa kuogopa maneno ya kisimani.

Sikuupiga fundo. Kesho nampeleka hospitali wampandishe kwenye mizani. Kwenye foleni watakuwepo akina mama wa Ng'ambo, watautazama uzi, watanitazama tumbo, watasema. Nimeuacha ulegee hivyo hivyo. Mkono wangu ndio bado sijaweza kuuondoa.