Dawa ya Siku Mbili

Bi Tangawizi hakuwa mganga, na kama ulitaka akufukuze kibarazani kwake, ungemwita hivyo tu. "Mganga mtafute huko," angekuambia, akionyesha popote palipo mbali. "Mimi ni mtu mwenye sufuria." Jina lenyewe alibandikwa na majirani, kwa sababu hakuna maradhi aliyotajiwa bila mkono wake kwenda kwanza kwenye kikapu cha tangawizi. Mafua, tangawizi. Kichefuchefu, tangawizi. Watani walisema hata mume anayechelewa kurudi nyumbani angechemshiwa hiyo hiyo.

Tuseme ukweli, alijua zaidi ya hapo. Chumba chake cha mbele kilikuwa na rafu tatu za makopo yasiyo na maandishi, naye aliyatambua kwa kufungua kifuniko na kunusa. Majani ya mpera kwa tumbo la kuendesha, lakini kwanza maji yenye chumvi na sukari, maana kinachoua, alisema, ni kukauka. Ukwaju kwa aliyefunga choo. Majani ya mkaratusi ya kujifukizia pua zikiziba. Karafuu kwa jino bovu, pamoja na onyo kwamba karafuu inakushikilia tu mpaka umfikie daktari wa meno. Asali hakumpa mtoto asiyetimiza mwaka, hata mzazi apige magoti.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake pamoja na masharti mawili. La kwanza, dawa hufungwa ya siku tatu tu, kwenye karatasi, na mgonjwa hurudi na karatasi yake atazamwe usoni kabla ya kufungiwa nyingine. La pili, kikohozi kikipita wiki mbili si chetu tena, kipelekwe hospitali. Mama yule hakuwa na mchezo. Aliwahi kumrudisha mtu aliyekuja na kuku wa shukrani mkononi, kwa sababu kikohozi chake kilikuwa kimetimiza siku ya kumi na tano, na kuku akarudi naye.

Lakini mama aliishi katika nyumba iliyojaa watu. Binti alibaki na viti viwili. Mumewe alikuwa na mwaka wa sita kaburini. Mwana wao wa pekee alikuwa nchi ya mbali, akipiga simu kila Jumapili, na simu yenyewe ilikwisha kabla chai haijapoa. Wateja nao walipungua, kwani siku hizi kila mtu ana tabibu ndani ya simu yake. Waliobaki walinyoosha mkono mlangoni, wakapokea, wakaaga. Kuna jioni alifunga mlango akatambua kwamba tangu asubuhi hakuwa ametamka neno ila "chemsha" na "usizidishe". Upweke ulikuwa unamla, na kwenye rafu zote tatu hapakuwa na kopo la kuutibu.

Kiangazi kilipoanza, akaja fundi wa miavuli. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, asiye na mke wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kunyoosha mbavu za miavuli kwenye kona ya soko. Kazi hiyo ni nzuri mvua ikinyesha. Jua likiwaka, fundi hushinda akijikuna. Alikuja na kikohozi kikavu.

"Vumbi hili, dada," alisema.

Bi Tangawizi alimfungia tangawizi, na asali kidogo kwenye kichupa. Fundi alipokea, lakini badala ya kuaga akaangalia kiti.

"Naweza kupumzisha miguu kidogo?"

Miguu hiyo ilipumzika mpaka adhuhuri. Fundi alisimulia habari za miavuli: ya wanandoa wagombanao, ambayo huvunjika mpini, na ya wazee wabahili, ambayo ina viraka mpaka viraka vyenyewe vina viraka. Bi Tangawizi alicheka, kisha akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Siku ya tatu fundi alirudi na karatasi yake, akakaa tena. Akaanza kumwita "daktari wangu", naye akaacha kukataa.

Na hapo ndipo alipoteleza. Karatasi ya tatu aliifunga ya siku mbili badala ya siku tatu. Alijiambia kwamba kikohozi hiki kinataka kuangaliwa kwa karibu. Mwongo! Alichotaka kuangalia kwa karibu ni kile kiti kikiwa na mtu.

Wiki mbili zilipotimia, kikohozi kilikuwa palepale. Bi Tangawizi alilijua sharti la mama yake kama anavyojua jina lake. Basi akabadilisha dawa. Akaweka tangawizi kando, akafunga kitunguu saumu na mdalasini, na kwa kuwa dawa ilikuwa mpya, akaanza kuhesabu siku upya. Hila ya namna hiyo huwezi kufanyiwa na mtu wa mtaani, maana mtu wa mtaani hahesabu. Lazima ufanyiwe na anayeijua kazi. Dawa ya pili ilipokaribia wiki mbili, akahamia kwenye mvuke wa mkaratusi, na hesabu ikarudi siku ya kwanza.

Fundi aliendelea kuja. Mkanda wake wa suruali ulikuwa umeongezwa tundu kwa msumari, kisha tundu jingine. Siku moja alisema kwamba shati analolalia huamka nalo limelowa. "Joto la mwaka huu si la kawaida," akasema. Bi Tangawizi aliitikia kwamba kweli, joto la mwaka huu si la kawaida, akammiminia chai. Alijua alichokuwa anasikia. Usiku hakupata usingizi kwa aibu, na asubuhi akavipangusa viti vyote viwili.

Kisha mvua ikaanza. Msimu wa fundi ulikuwa umefika, na asubuhi ile alikuja na mwavuli wa mteja kwapani, amalizie kazi huku wakiongea. Springi yake ilikuwa mpya, ngumu. Fundi alisukuma juu, mwavuli ukagoma. Akausimamisha sakafuni, akausukuma kwa mikono miwili, akakohoa mpaka paji la uso likalowa jasho, na mwavuli haukufunguka. Mtu aliyefungua miavuli miaka arobaini.

"Nipe," Bi Tangawizi alisema. Akaufungua kwa mara moja. Wakabaki wameketi, mwavuli umejaa chumba, kila mmoja akiangalia upande wake.

"Fundi, nenda hospitali leo hii. Wakupime kifua."

"Kwa kikohozi cha vumbi? Mvua hiyo inanyesha, vumbi litakwisha."

"Si vumbi. Nilijua si vumbi tangu wiki ya tatu. Leo ni wiki ya sita."

Fundi alitabasamu akidhani ni utani, kisha tabasamu likamwisha. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia, daktari wangu?"

Angeweza kusingizia chochote. Makopo yalikuwa pale ya kusingizia. Lakini alimwangalia usoni, kama alivyofundishwa, akasema, "Kwa sababu ungepona ukaacha kuja."

Fundi aliufunga mwavuli polepole, akauweka kwapani, akatoka katika mvua bila kuufungua. Chai yake haikufika hata nusu. Bi Tangawizi alisimama mlangoni, akatamani amwite, ila hakuona neno la kumwitia. Alilia, na kulia peke yako kuna ubaya wake, maana hakuna wa kukuambia basi, yatosha.

Siku nane zilipita. Alifunga dawa za siku tatu kwa waliokuja, mmoja mwenye kikohozi cha siku kumi akamwelekeza hospitali bila kungoja ya kumi na nne. Kwenye kona ya soko, mahali pa fundi palikuwa patupu, na watu walipita na miavuli yao iliyopinda.

Siku ya tisa alikuja muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye barakoa na faili lililofunikwa kwa plastiki. Alikataa kiti, akaomba dirisha lifunguliwe.

"Mama, tuna mgonjwa wa kifua kikuu ameanza dawa kwetu. Fundi wa miavuli. Unamfahamu?"

"Atapona?"

"Akizimeza zote miezi sita bila kukatisha, atapona. Amechelewa, lakini atapona."

Bi Tangawizi alishika ukingo wa rafu.

"Kila mgonjwa tunamwomba atutajie watu anaokaa nao muda mrefu," muuguzi aliendelea, "ili nao tuwapime. Wengine hutuandikisha ukurasa mzima. Yeye alitaja mtu mmoja." Akageuza faili. Kwenye mistari kumi, mmoja tu ulikuwa na wino, na mwandiko ulisema: daktari wangu, nyumba ya makopo.

"Alisema neno jingine?"

"Alisema nihakikishe umekuja kupimwa, kwa sababu wewe ni mbishi."

Kicheko na kilio vilimjia pamoja, akavimeza vyote viwili. Muuguzi alitoa fomu nyingine, mpya, akaiweka juu ya faili.

"Hii ni yako sasa. Nyumba nimeiandika. Mtu wako wa karibu ni nani, tukikukosa tumtafute?"

"Nina mwanangu, lakini yuko nje."

"Nataka wa hapa, mama. Anayeweza kuja kugonga mlango huu."

Bi Tangawizi alifikiri. Alipitisha mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, mikono yote iliyonyooshwa mlangoni. Mvua iliingia kidogo dirishani na hakuna aliyeifungia.

"Andika fundi wa miavuli."

Muuguzi aliinua kalamu. "Mama, huyo si ndiye mgonjwa wetu?"

"Ndiye," alisema. "Sina mwingine."